Mwenye Muhogo Ndiye Anayesema

Chaki zilikwisha tangu vita vilipopita mji wetu wa Baraka, kwa hiyo darasani tuliandikia vipande vya muhogo mkavu. Kipande kimoja ndicho kilichotoa zamu katika mdahalo: aliyekishika anasema, wengine wote kimya, hata mimi mwalimu.

Siku hiyo alikishika Wabiwa, mwenye miaka minane, ambaye mwanzoni nikimsimamisha mbele alikuwa analia tu. Alitetea kwamba wavuvi wanalisha watu kuliko wakulima.

Mlango ukapigwa teke. Akaingia askari na bunduki.

"Mutoke bote! Hii shule tunafanya kambi."

Watoto wakainuka. Na mimi niliinuka, sitaficha. Wabiwa hakusogea.

"Papa, mi siyamaliza." Sauti ilitoka tumboni, kama nilivyomfundisha. "Muhogo iko mu mukono yangu. Ukitaka kusema, nyoosha mukono, ungoje."

Alikuwa amekibana kipande kile mpaka unga mweupe ukamdondokea kwenye vidole vya miguu.

Askari alinitazama, akawatazama watoto. Kisha akaiegemeza bunduki ukutani, akaketi kwenye tofali la kukalia la nyuma.

"Ya tatu," Wabiwa akaendelea, polepole, bila kumeza neno. "Tulikimbilia Ubwari, kule kando ya ziwa, mashamba ikabakia huku. Ni samaki njo ilitulisha."

Darasa likapiga makofi. Yeye hakutabasamu. Alikuwa anatazama nyuma kabisa, kwenye mkono mmoja mkubwa ulionyooshwa juu.