Zeze la Marehemu

Jirani yangu, fundi cherehani, alinisimulia haya mwaka jana tukichambua mchele.

Tangu mume wa jirani huyo azikwe, mama mkwe wake alikuwa hapati usingizi bila zeze la mwanawe huyo. Jirani hakufundishwa kulipiga. Wimbo wenyewe aliushika kwa kusikia tu, akiwa jikoni.

"Nikikosea unisamehe, mama."

"Piga tu. Nisipolala, angalau tutacheka."

Akapiga, mchana kweupe. Alipofika pale marehemu alipozoea kukohoa, naye akasimamisha uta juu ya uzi, maana ndivyo alivyoujua wimbo.

Kikohozi kikatoka kwenye kiti kitupu nyuma yake.

Hakuthubutu kugeuka; akaendelea kupiga.

"Umechelewa, wewe mtoto," mama mkwe akakinung'unikia kile kiti, akalala.