Mkono wa Kipa

Glavu za baba, kipa wa timu ya mji, hazikuguswa na mtu nyumbani; hata Tunu, mwanawe wa pekee, alizitazama tu zikianikwa kambani. Leo, kutoka jukwaani, alimwona baba akiingia uwanjani kavua glavu moja, kashikana mkono na mtoto wa watu, kisichana kilichovalishwa jezi.

"Mbona si mimi?"

"Klabu haichagui watoto wa wachezaji, mwanangu," mama alisema.

Salamu zilipokwisha, watoto walioingia na wachezaji waliletwa jukwaani. Kile kisichana kikakaa ubavuni mwa Tunu, kimekunja kiganja.

"Mkono wa kipa ni wa moto!" kikajisifu.

"Lete nione."

Tunu akakishika kile kiganja, akakibana, akazidi kukibana, na kipenga kilipolia alikuwa bado hajakiachia.