Nyumbu na Swali la Fisi

Nyumbu mmoja, ambaye pembe zake ziliogopwa nyika nzima, alinaswa mguu na mtego wa waya. Akafurukuta mpaka waya ukakatika, akabaki na jeraha bichi.

"Twende mtoni ukaoshe jeraha, ndugu yangu," Pundamilia akamwambia. "Hata kwa kuchechemea tutafika."

Nyumbu akanuna. Yeye ana uchungu, mwenzake anamletea habari za mto!

Fisi ndiye aliyejua kuliwaza. Aliketi mbali na zile pembe, akauliza kwa upole, "Kwani uliwakosea nini, kaka, hata wakutege wewe?"

Nyumbu akalala na swali hilo, akaamka nalo. Akawakumbuka mahasimu wake wote, hata wa utotoni. Kundi likahama, nyasi za karibu zikaisha, mguu ukavimba, ukaoza. Kila jioni Fisi alikuja kumsikiliza, na kila alipokuja alisogea kidogo.

Mwishowe Nyumbu akasikia pumzi ya Fisi shingoni. Ndipo alipojiuliza kwa sauti, "Hivi mguu huu bado naweza kuusimamia?"

"Swali zuri hilo," Fisi akasema. "Siku zote hizi nilikuwa naomba usije ukalifikiria."