Kitabu cha Lindo la Juu

Jotham alikuwa juu ya paa la kambi, misumari mitatu mdomoni, simu ilipoanza kulia mfukoni. Aliiacha ilie. Ilipolia mara ya tatu akatema misumari kiganjani.

"Baba Daisy, umemteremsha?" Alikuwa mkewe, Metrine, akipiga kutoka jikoni kwa madam wake, mtaa wa Rashidiya, Dubai.

"Bado. Nafunga bati kwanza."

"Wametangaza upepo mkali huko milimani. Na mvua. Mteremshe Austine. Kwetu nimebaki na yeye tu."

Jumamosi iliyopita mama yao Metrine na Austine alizikwa Kakamega, na watoto wake wote wawili walikuwa huku Uarabuni. Kafeel wa kila mmoja, yule mwajiri anayeshika pasipoti, alikataa kuitoa. Metrine alilia kimya juu ya sinki, madam asimsikie. Austine hakulia. Alirudi lindoni.

"Jioni atakula hapa," Jotham alisema. "Nimekuambia."

Ilikuwa Januari 2008, saa nane mchana, kwenye milima ya Hatta, mbali na maghorofa ya Dubai. Kampuni ilikuwa inajenga nyumba za mapumziko huko. Mafundi walishapakiwa kwenye basi asubuhi wakarudishwa makazi yao ya Al Quoz, mjini. Walibaki watatu: Jotham, msimamizi wa walinzi; Severin, dereva, Mtanzania; na Austine, peke yake kwenye lindo la juu, ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu ambalo mvua ikinyesha hugeuka mto.

Jotham akachukua redio ya mkononi.

"Austine, shuka kwenye wadi uitoe ile pampu kabla maji hayajaja. Ukimaliza, rudi kibandani. Nakufuata na pikapu saa kumi."

"Sawa, shemeji." Akaita tena. "Shemeji, si ningekuja tu sasa? Hii milima imenichosha."

"Pampu ikibebwa na maji, arbab mwenye kampuni atatufukuza wote. Na ujaze kitabu cha lindo kila saa. Mkaguzi anakuja asubuhi. Akikuta nafasi tupu, usiniite shemeji tena."

Austine akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba. "Hatakuta."

Jotham na Severin walifanya kazi haraka. Walifunga mabati kwa waya, wakalaza mifuko ya mchanga kwenye milango, wakaburuta mitungi ya gesi ndani. Tangi la maji walilifunga kamba kwenye nguzo nne. Upepo ulianza kushuka kutoka kileleni, baridi, umebeba changarawe.

"Kwetu Makete baridi hii tunavaa kaptula," Severin alisema.

"Basi vua hilo koti unipe."

"Koti la kampuni, kaka. Siruhusiwi."

Saa tisa redio ilianza kukoroma. Jotham aliita mara nne, hakujibiwa. Mvua ikaanza, imelazwa na upepo, inapiga usoni. Saa kumi kamili wakapanda pikapu. Kwenye wadi maji yalikuwa yanafika nusu ya gurudumu, ya rangi ya chai ya maziwa. Severin aliingiza gari.

Kibandani hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limekunjwa. Kitabu cha lindo kilikuwa mezani, kimefunuliwa, kalamu juu yake. Jotham alifuta maji machoni akasoma mistari miwili ya mwisho ya ukurasa.

*Saa tisa. Pampu imetolewa. Nimerudi. Hali shwari.*

*Saa kumi. Hali shwari.*

Kila mstari ulikuwa na saini ya Austine. Jotham akakaa kitini.

"Ametoka hapa sasa hivi," alisema. "Kapita njia ya mbuzi, ile inayovuka wadi kule juu. Huyo ana njaa, hakutungoja."

"Tungeenda kidogo pale kwenye pampu, tuangalie," Severin alisema. "Si mbali."

"Tuangalie nini? Mtu ameandika amerudi."

"Naona tu kama pampu haipo hapa."

"Atakuwa ameiacha kwenye mwamba, angeibeba vipi peke yake? Yalla, Severin. Tukichelewa hapa tutalala hapa, na yeye atakuwa kambini anakula maharagwe yetu."

Severin alitazama bondeni. Kisha akawasha gari. Jotham alikiingiza kitabu ndani ya koti, kisilowe.

Walivuka wadi maji yakiwa yameshapanda hadi mlangoni. Walipofika ukingo wa pili na kugeuka kutazama, njia haikuwepo tena. Palikuwa na maji tu, na mawe makubwa yakigongana ndani yake.

Kambini taa zilikuwa zinawaka. Maharagwe yalikuwa jikoni, sufuria imefunikwa vilevile Severin alivyoiacha. Viatu vya Austine mlangoni havikuwepo.

"Yuko njiani," Jotham alisema. "Kwa miguu ni mbali."

Severin alichukua tochi akaenda kusimama nje.

Simu ikalia.

"Yuko?" Metrine aliuliza.

"Yuko salama, Mama Daisy. Nimeona mwandiko wake wa saa kumi. Anashuka."

Metrine alivuta pumzi ndefu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akaanza kumlilia mama yake kwa sauti, bila kujali madam. Jotham alimwacha alie. Simu akaibana kwa bega, akakitoa kitabu ndani ya koti ili aandike kwamba lindo la juu limefungwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro robo.

Akafunua ukurasa mpya. Haukuwa na nafasi. *Saa kumi na moja. Hali shwari. Saa kumi na mbili. Hali shwari.* Austine alikuwa ametia saini mstari kwa mstari, hadi kesho alfajiri.