Dawa ya Kupaka

Mzee Chamwino, mpiga tarumbeta wa harusini, aliingia zahanati kuomba dawa ya bawasiri, ile ile yake ya kupaka. Daktari Rukia hakuandika kitu. Alimtazama, akavuta kwa kidole ngozi ya chini ya jicho la mzee, akaona ndani kumepauka kwa kupungukiwa damu.

"Baba, ukienda haja unaona damu?"

Mzee aligeukia ukuta. Daktari alikuwa na umri wa binti yake.

"Kidogo. Ni bawasiri tu, mwanangu."

"Huenda. Lakini sikupi dawa kabla sijajua."

Alivaa glavu, akampima taratibu huku akimuuliza habari za tarumbeta. Kisha akapiga simu hospitali kubwa, wala hakuikata mpaka mzee alipopata nafasi ya kupimwa utumbo.

Huko walikuta saratani, changa, haijasambaa. Wakamfanyia upasuaji, wakaitoa yote.

Alipopona, mzee alirudi zahanati akiwa amemshika mkono kaka yake mkubwa.

"Huyu naye anaona haya," alisema.

Kaka mtu alibaki mlangoni, macho chini. Daktari Rukia akashusha pazia la dirisha, akasogeza kiti karibu na chake, akakaa kumsubiri.