Kidole Kidogo cha Concilie

Concilie aliuvuta mguu kabla moto haujamfikia.

Mtoto tumboni mwake alikuwa amekaa matako chini, na hospitali walisema asipogeuka, Jumatatu wanampasua mama yake. Ndiyo maana nilimleta binti yangu huku mtaa wa Kensington, kwa mama wa Kichina mwenye duka la dawa za majani.

Mwenye duka alishika pakanga ya kwao, majani machungu ya dawa, iliyokaushwa, ikatwangwa laini, ikasokotwa nene kama sigara. Ncha ilikuwa ikifuka moshi. Alitaka kuisogeza tu karibu na kidole kidogo cha mguu, pembeni mwa ukucha; kwao wanasema joto la hapo humfanya mtoto ageuke.

“Eish, Mama, kanisani watasema umenipeleka kwa mganga.”

“Waambie ulikuwa unaota moto.” Nikavua kiatu. “Haya, aanze na mimi.”

Mwenye duka akacheka. “Gogo,” akaniita, kama waitwavyo bibi huku, “na wewe una mimba?”

Nilisikia joto tu, kama la jua la asubuhi. Concilie alinichungulia usoni, akaona sijapepesa hata kope, akaurudisha mguu wake mwenyewe.

Kiganja changu kilikuwa juu ya tumbo lake. Kichwa cha mtoto, kigumu, kilichojibana chini ya mbavu siku zote hizo, kikanisukuma, kisha kikateleza kidogo.

“Mama,” akasema, “usitoe mkono.”