Zoezi la Kilimani

King'ora kilipolia mchana, Shebughe alipanda mbio hadi kilimani, mahali ambapo watu wa mji walitakiwa kukimbilia endapo bwawa la juu ya mto litapasuka. Yeye ndiye aliyewafundisha. Alipofika hakukuta mtu.

Aligeuka kutazama chini, akaona mji mzima unamiminikia uwanja wa mpira kando ya mto. Hapo ndipo walipofanyia mazoezi, kwa sababu magari ya wageni waliokuja kuyakagua yalishindwa kupanda kilima. "Tuseme hapa ndipo kilimani," aliwaambia siku ile, na wageni wakapiga makofi.

Akampigia mkewe simu.

"Mama Hozza, ondokeni hapo! Pandeni huku juu!"

"Sema kwa nguvu, king'ora kinaniziba masikio. Tumefika wote, hata mama yako nimembeba mgongoni. Leo mwalimu ndiye mchelewaji!"

Watu waliokuwa karibu na mkewe wakacheka.

"Maji yanakuja! Pandeni, nasema!"

"Sikusikii, Baba Hozza. Ngoja niwapange mistari kama ulivyotufundisha, utatukuta tayari."

Mkewe akaichomeka simu kwenye fundo la khanga bila kuikata. Shebughe alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kule kwenye kona ya mto miti ilianza kulala, mmoja baada ya mwingine. Ndani ya simu aliwasikia majirani na wanawe wakiitwa majina, nao wakiitika kwa bidii, "Nipo! Nipo!"